Wiki ya Poda na Deni Lililobaki Chuoni

Anayepita Bellevue msimu huu wa mahafali, kwenye barabara ya Rockey na mitaa inayoizunguka, ataona vibaraza kadhaa vyenye poda nyeupe sakafuni. Asidhani ni unga uliomwagika. Sisi Wakongo tumekuja Johannesburg na desturi yetu: mtoto akifaulu anamwagiwa poda kichwani hadi nyusi zinageuka nyeupe kama za mzee. Nyumbani, kuanzia Bukavu na Goma hadi Kinshasa, tunafanya hivyo matokeo ya mtihani wa taifa yanapotangazwa, na mtaa mzima hujua nani amefaulu bila kuuliza. Huku ugenini tumeihamishia kwenye shahada ya chuo kikuu. Majirani zetu wa Afrika Kusini na wa Zimbabwe mwanzoni walitushangaa, lakini siku hizi wengine huja na kopo lao wenyewe.

Wiki inayofuata mahafali ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo. Siku yenyewe ni ya chuo. Chuo ndicho kinachopanga nani aketi wapi, ndicho kinachogawa tiketi chache kwa kila mhitimu, na ndicho kinachosoma majina mamia kwa saa mbili. Wiki inayofuata ni ya familia. Na katika wiki hiyo hiyo, ndani ya nyumba zetu nyingi, hukutana vitu viwili visivyosalimiana: furaha ambayo hakuna mwenye haki ya kuidharau, na deni ambalo hakuna anayetaka kulitaja mbele ya wageni.

Tuanze na furaha.

Nyumba moja tunayoifahamu vizuri, hapa hapa Bellevue, imepata mhasibu. Ni nyumba kama nyingine za mtaa huu, ya zamani, ya paa la bati na kibaraza mbele, iliyojengwa kwa ajili ya familia moja enzi zile mitaa hii ilipokuwa ya Wazungu, wakiwemo Wayahudi wengi waliotoka Lithuania. Leo imegawanywa vyumba, na kila chumba kina familia yake. Baba wa binti huyo alikuwa mwalimu wa hesabu Uvira. Hapa analinda magari kwenye maegesho ya maduka, kazi isiyo na mshahara. Mtu hula kile madereva wanachompa. Mama anasuka nywele karibu na soko la Yeoville. Huu ni mwaka wao wa kumi na nne.

Jumatatu baada ya mahafali mama huyo hakutoka nyumbani alfajiri kama kawaida. Ilipofika saa nne wenzake wa saluni walimtuma mtoto kwenda kuuliza kama anaumwa. Mtoto alimkuta amekaa kitini, chai mbele yake, hafanyi kitu. "Waambie leo mama wa mhasibu anapumzika." Tumemfahamu mama huyu miaka mingi, na hatukumbuki kumwona amekaa kitini mchana bila kichwa cha mtu mapajani.

Baba yeye alikwenda kazini, lakini alikwenda na picha. Aliichapisha katika duka la jirani, akaitia mfukoni mwa kizibao chake cha rangi ya kung'aa, na kila gari lililotulia alilionyesha. Mama mmoja wa Kizungu, ambaye kwa miaka amekuwa akimpa randi tano kupitia dirishani, siku hiyo alizima gari, akashuka, akampa mkono na kumwuliza jina lake. Baba alipotusimulia hakukaa sana kwenye mkono ule. Alichotaka tujue ni kwamba mama yule aliuliza binti amerithi wapi kipaji cha hesabu, na yeye akajibu kwa Kiingereza chake chote: "Kwangu."

Bibi wa binti yuko Bukavu, katika mtaa wa Kadutu. Hakuweza kuja, na hata angekuwa na nauli safari ingekuwa ndefu mno kwa umri wake. Goma ilitekwa na M23 mwezi Januari 2025 na Bukavu mwezi Februari. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa, benki nazo zikafunga milango. Mahafali aliyaona kwenye simu ya mjukuu mwingine, vipande vipande, mtandao ukikatika na kurudi. Jina la binti lilipoitwa, picha ilikuwa imeganda. Basi ikabidi kila jioni binti avae joho upya mbele ya simu, atembee kutoka mlangoni hadi kitandani, na Koko apige vigelegele kule Kadutu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Jioni ya tatu Koko aliomba aonyeshwe viatu. Viatu vilikuwa vya kuazima, vya dada mmoja Mzulu wa chumba cha nyuma, naye aliitwa aje kupokea shukrani kwa Kiswahili asichokijua. Alizipokea vizuri tu.

Joho lilikuwa la kukodi, lirudishwe Alhamisi. Kabla halijarudishwa lilizunguka ua mzima. Mama alilivaa, mama mdogo akalivaa, mke wa mpangaji mkuu akalivaa, fundi viatu wa pale getini akalivaa akiwa na nyundo mkononi. Mdogo wake binti, aliye darasa la kumi na moja, alikwenda kununua mkate akiwa na kofia ya yaya yake kichwani, na muuza duka Mwethiopia akakataa kupokea pesa ya mkate ule.

Tunayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kuna ndugu zetu, hasa walioko Ulaya na Marekani, ambao kila msimu hutuandikia wakisema kwamba sherehe hizi ni upuuzi wa maskini, kwamba mtu anayelala chumba kimoja na watoto wanne hana sababu ya kupika pilau ya watu mia. Hatukubaliani nao hata kidogo. Kongo ilipopata uhuru Juni 1960, wananchi wake waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Watu waliokuwa watoto siku ile bado wako hai, na Koko wa Kadutu ni mmoja wao. Mtu wa namna hiyo akimwona mjukuu wake ndani ya joho, nani atamwambia asipige kelele?

Tena hata kuingia darasani hapa hatukupewa bure. Sheria ya wakimbizi ya Afrika Kusini ni ya mwaka 1998, na ilipoanza kutumika mwaka 2000 mwombaji hifadhi alikatazwa kufanya kazi na kusoma katika miezi yake ya mwanzo. Mjane mmoja kutoka Zimbabwe, Bi. Watchenuka, ambaye kijana wake mwenye ulemavu alitaka kusoma chuoni Cape Town, alikwenda mahakamani. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Rufani ya Bloemfontein ilimpa haki: Jaji Nugent alieleza kwamba utu wa binadamu hauna uraia, na kwamba kusoma ni sehemu ya utu huo. Vijana wetu wengi waliohitimu baada ya hapo walipitia mlango uliofunguliwa na mama huyo, na wengi hawajui hata jina lake. Marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2020 yameubana tena mlango huo. Haki ya mwombaji hifadhi kufanya kazi au kusoma sasa ni lazima iandikwe kwenye karatasi yake, haiji yenyewe. Kwa hiyo kila joho linalopita Rockey limepita kwanza kwenye foleni nyingine ambazo hazionekani kwenye picha.

Sasa tuje kwenye deni.

Jumamosi usiku, wageni walipoondoka, baba alitaka kulitazama lile jalada jekundu ambalo binti alipewa jukwaani. Alitaka kupima cheti ili anunue fremu. Ndani hamkuwa na cheti. Mlikuwa na barua ya chuo, ya heshima kabisa, ikimpongeza mhitimu na kumwarifu kwamba cheti chake kitatolewa ada iliyobaki ikishalipwa. Deni lilikuwa randi 31,000. Binti alikuwa anajua tangu mwanzo wa mwaka. Alinyamaza kwa sababu kamati ilikuwa imeshaundwa, kitenge cha sare kimeshachaguliwa, na mama ameshawatangazia wateja wake wote.

Chuo hicho hatukitaji, na hakuna haja, maana si cha peke yake. Kwa muda mrefu vyuo vingi vya nchi hii vimezoea kumzuilia cheti mwanafunzi anayedaiwa, na wanafunzi wa Afrika Kusini wenyewe wamelilalamikia jambo hilo miaka nenda rudi. Tofauti ni kwamba mtoto wa hapa aliye maskini ana mahali pa kukimbilia. Maandamano ya ada yaliyoanzia Chuo Kikuu cha Witwatersrand Oktoba 2015 na kuenea nchi nzima yalizaa matunda: Desemba 2017 Rais Zuma alitangaza elimu ya juu bila malipo kwa familia zenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka, na mpango ukaanza 2018 kupitia mfuko wa NSFAS. Mfuko huo haukuwekwa kwa ajili ya watoto wenye karatasi za ukimbizi. Upo ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani chini ya UNHCR, ambao umesomesha maelfu ya wakimbizi duniani, lakini nafasi zake ni chache na waombaji ni wengi. Wengine wote hulipiwa na nywele zilizosukwa na magari yaliyolindwa.

Kwa hiyo deni si aibu ya familia ile. Ukiwajua wazazi wale, utashangaa kwamba ni randi 31,000 tu. Kinachotukera ni kitu kingine. Kamati ya sherehe, yenye mwenyekiti, katibu na mhazini, ilikusanya karibu randi 22,000 kwa wiki saba. Ilikusanya kutoka Bellevue, Yeoville, Berea, Cape Town na hata Brussels. Kulikuwa na fungu la ukumbi, la muziki, la nyama, la keki, la sare, na fungu la kumpokea mgeni rasmi ambaye hakuja. Hakuna hata mtu mmoja katika kamati ile aliyemwuliza binti: je, chuoni umemaliza kulipa?

Tunajua kwa nini hawakuuliza. Kwetu mtu akikuchangia harusi haulizi kama mahari imekamilika. Angeuliza ingekuwa tusi. Deni la ada nalo tumelifanya kama mahari, jambo la ndani. Lakini mahari isiyokamilika haimzuii bwana harusi kulala na mkewe nyumbani kwake. Cheti kinachobaki chuoni kinamzuia mtoto kila mlango. Mwajiri anataka cheti. Chama cha wahasibu kinataka cheti. Na mkimbizi ambaye hata karatasi yake ya ukaazi inatiliwa shaka na kila karani, unampeleka kutafuta kazi na barua ya pongezi?

(Hapa tuongeze neno moja kwa wazazi wanaowasukuma watoto wasome sheria. Agosti 2022 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba sheria inayowaruhusu raia na wenye ukaazi wa kudumu pekee kuapishwa kuwa mawakili haivunji katiba. Mtoto anaweza kuisoma shahada hiyo na kuimaliza kwa sifa, kisha akaishia mlangoni mwa mahakama. Ni heri ajue mwaka wa kwanza.)

Wapo wanaosema kwamba katika hali hiyo sherehe ni uongo, kwamba huwezi kucheza muziki juu ya jalada lisilo na cheti. Sisi tunasema hapana. Mitihani ameifanya, amefaulu, na chuo chenyewe kimemtunuku shahada na kulitaja jina lake mbele ya watu. Kinachodaiwa ni pesa. Akili yake haidaiwi na mtu. Poda ile ilikuwa halali. Tunachokataa ni mpangilio wa orodha. Tunataka katika kila kamati ya mahafali mstari wa kwanza uwe wa ada iliyobaki, kabla ya ukumbi na kabla ya keki. Kijana alete taarifa yake ya ada kutoka chuoni, isomwe na watu watatu tu wenye kutunza siri, na mchango wa kwanza uende huko. Kikibaki kidogo, sherehe ifanyike uani. Ua wa nyumba za Bellevue unatosha sufuria mbili za sombe, makayabu, fufu na spika moja, na kwa uzoefu wetu watu hucheza zaidi uani kuliko ukumbini, kwa sababu hakuna mlinzi anayekuja saa tano usiku kuzima taa.

Kwa ndugu zetu wa mbali, mnaotuma dola hamsini za sare ambayo hamtaivaa: ombeni namba ya mwanafunzi na namba ya akaunti ya chuo, mlipe moja kwa moja. Mtapewa stakabadhi. Hamtapata stakabadhi ya nyama.

Na kwa ndugu wa nyumbani, ambao tunajua mateso yenu tangu 2025 na hatuwezi kuwalaumu kwa kuomba: iacheni wiki hiyo moja ipite. Kabla poda haijakauka kwenye nywele za binti, simu tatu zilikuwa zimeshaingia kutoka kwa jamaa wakisema kwamba sasa familia ina mhasibu, basi ada ya fulani na dawa ya fulani viko mikononi mwake. Binti yule alikuwa hajawahi kupokea mshahara hata wa siku moja. Alizijibu simu zote kwa adabu, akazima simu, akaenda kumsaidia mama yake kuosha vyombo.

Tunalisema hili pia kama waandishi. Sisi tuliotoka Kivu baada ya kumzika Serge Maheshe wa Radio Okapi mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008 tuna shahada zetu za Bukavu ndani ya masanduku, na tunajua shahada inavyoweza kukaa miaka bila kumfungulia mwenyewe hata mlango wa ghala. Hatumdanganyi kijana yeyote kwamba cheti ni kazi. Lakini hata hivyo vyeti vyetu tunavyo mkononi, na hakuna anayeweza kutuambia hatukusoma. Haki hiyo ndogo tunaitaka kwa watoto wetu pia.

Familia ile haikulala usiku wa Jumamosi. Baba hakumgombeza binti. Mama alilia, akamwuliza kwa nini hakusema, binti akajibu kwamba hakutaka kumvunjia likelemba, maana zamu ya mama ya upatu ndiyo iliyonunua vitenge. Asubuhi baba alimpigia simu mwenyekiti wa kamati na kumsomea barua nzima. Tunampongeza kwa hilo, kwa sababu wengi wangeificha barua na kununua fremu ya picha badala ya fremu ya cheti.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mhazini alisoma hesabu za sherehe mbele ya wote. Zilikuwa zimebaki randi 1,850. Zikawekwa mstari wa kwanza wa orodha mpya. Wa pili kuandika jina lake alikuwa dada Mzulu mwenye viatu, randi 200. Hadi tunaandika makala haya orodha imefika randi 9,400, na chuo kimekubali zilizobaki zilipwe kwa miezi kumi. Kamati nayo imeshapokea taarifa za ada za vijana watatu wanaotarajia mahafali yajayo. Mmoja hadaiwi kitu, wawili wanadaiwa, na kikao cha kwanza ni Jumapili hii saa nane mchana, uani.